Mazombi Kwenye Dungu la Mkwe

Najua wengi mmeshaisikia hii habari, maana Kibiti nzima inaijua, na juzi tu muuza mihogo pale stendi kaniuliza mbele za watu kama nimeshafufuka, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, angalau aibu iwe na mpangilio.

Mimi ni fundi simu, na wakati huo nilikuwa nimepeleka barua ya posa Salale, kijiji cha huko deltani, kwa Mzee Mbwana, baba yake Zuhura. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema kijana anayeshinda kivulini na bisibisi yeye hamjui vizuri, mpunga wake umeanza kukomaa, niende nikae wiki moja nimwamie ndege, kisha atajibu. (Kwa msiojua, kuamia ndege ni kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, unavuta kamba zilizofungwa makopo ili ndege wasikumalizie mpunga. Mtoto wa miaka minane anaiweza kazi hii. Mlikumbuke hilo.)

Siku nne za mwanzo nilifanya kazi mpaka viganja vikachubuka, na Zuhura alikuwa akiniletea wali kwa samaki huku anacheka, nikajua mambo yameiva. Siku ya tano wakaja wenzangu wawili kunijulia hali: Saidi, mtoto wa mjomba wangu, na Mwalimu Joseph, mtu wa Bukoba anayefundisha huko Salale, shule zilikuwa zimefungwa. Sasa kwenye simu zetu tulikuwa na mchezo tulioupakua Kibiti, wa kuua mazombi, mnacheza pamoja kwa hotispoti bila hata bando, mmoja akiangushwa wenzake wanatakiwa wamkimbilie wamwinue kabla hajaliwa. Nikasema tucheze hatua moja tu, kwani saa tisa ile ndege walikuwa wachache.

Dungu lilikuwa la mtu mmoja, tukapanda watatu. Kila mmoja akaweka spika masikioni (muone na sisi tulivyo wastaarabu, hatutaki kusumbua majirani), na mtu mwenye spika masikioni hajui sauti yake inafika wapi. Hatua moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tano, kamba za makopo nikaziachia kabisa, na Mwalimu Joseph, mpole yule ambaye darasani hata chaki haidondoshi, akawa anapiga kelele utadhani anachinjwa: "Wamenikamata mguu! Niokoeni, nakufa!"

Sasa Salale maneno hayo hayasemwi kwa mchezo. Maji yapo kila upande na mamba wamo. Ukisikia yowe unaacha ulichoshika, unalipokea, yaani na wewe unapiga lako ili wa mbele asikie, halafu unakimbia kwenda lilikotoka, huulizi lolote. Joseph ni mgeni, tumsamehe. Mimi nimezaliwa huku, nalijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini nilikuwa na zombi mbele yangu.

Mama aliyekuwa akivuna shamba la pili akalipokea yowe. Kufika shamba la nne limeshakuwa mamba, na kufika kijijini mamba ameshamla mkwe wa Mzee Mbwana. Watu wakaja na mapanga, wakaja na makafi ya mitumbwi, na Bibi Hadija, mwenye goti bovu ambaye hata msibani huwa anabebwa kwa baiskeli, akavuka kijito maji ya kiunoni ameshika mwiko. (Haya yote nimesimuliwa baadaye, sisi wakati huo tulikuwa tunapambana na bosi wa mazombi.)

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Mbwana mwenyewe. Akapanda ngazi, akaona migongo yetu inatetemeka, akanishika mguu anivute kutoka mdomoni mwa huyo mamba. Mimi nimeangushwa sekunde ileile kwenye simu, nikadhani ni Saidi anataka kuniinua, basi bila kugeuka nikamwambia, "Niache kwanza nife, utaniinua baadaye." Kisha nikamsukuma kwa teke. Teke dogo.

Dungu la mtu mmoja sasa lilikuwa na watu wanne, tena mmoja kapigwa teke. Halikuvunjika, liliinama taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa, likatulaza sote kwenye tope.

Nilipofuta macho nikaona kijiji kimesimama. Simu yangu imechomoka waya, imelala topeni inaunguruma sauti za mazombi, na jamaa mmoja ameshaiinulia panga. Mzee akasimama, tope mpaka kwenye kofia, akauliza nani kakamatwa na mamba. Mwalimu Joseph, kwa kuwa ni mtu mkweli, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi, mzee. Ila si mamba. Na nimeshakufa mara tatu."

Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Hadija hakucheka. Alikaa chini akaanza kulia, akaniambia, "Mjukuu wangu, nilidhani nitakukuta nusu." Hapo ndipo aibu iliponiingia kweli, maana kwenye mchezo nilipoanguka Saidi alikwenda kuokota risasi (amekiri mwenyewe), na huyu bibi si ndugu yangu, amevuka maji na goti lile kuja kupigana na mamba kwa mwiko. Nyuma yetu ndege walikuwa wanakula mpunga bila wasiwasi.

Mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza, siku mamba akimkamata mtu kweli, na watu wakasema aah, ni wale wa simu, damu hiyo nitaiweka wapi. Ikaamuliwa kila aliyeitikia yowe nikamwamie ndege siku moja. Walikuwa kumi na tisa. (Joseph alinisaidia nusu. Saidi alipata safari ya ghafla.)

Siku ya mwisho, shambani kwa Bibi Hadija, nyigu aliniuma sikio na sikutoa hata mguno, niling'ata kofia. Jioni nikaenda kwa Mzee kuaga, begi mgongoni. Barua sikuthubutu hata kuitaja. Akaniambia dungu lake bado limelala, nikate miti nilijenge upya kabla sijaondoka. Nikamuuliza, la ukubwa uleule?

Akanitazama mpaka nikatazama chini.

"La watu wawili. Peke yako tumeshaona huwezi, na Zuhura amesema amechoka kupanda na kushuka na sahani."

Nimelijenga la nguzo sita. Mchezo nimeufuta, na nimeapa kwamba nikiwa juu ya dungu sitapiga kelele hata nikimwona mamba: nitashuka kwanza, nimtazame vizuri, nikishahakikisha ndipo niite watu.