Ushuhuda wa Mama

Mama yangu alikuwa mtu wa kusimamia neno lake mpaka anakera. Akishasema kesho ni shamba, ni shamba hata mvua ikinyesha, na sisi nyuma yake tukinung'unika. Ndiyo maana watu wakiniambia alikufa kwa kutojua, damu inanichemka. Mama alijua.

Alianza kwa kuumwa kichwa na kuona giza. Tukashuka naye kutoka Lubondja hadi kituo cha afya cha Baraka, na munganga akampima mkono. Akasema ni tension: damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Akampa vidonge, na baada ya wiki kadhaa kichwa kikatulia. Tuliporudi kupimwa, munganga alitabasamu.

"Mama, tension yako iko contrôlée," alimwambia. "Maana yake dawa ndiyo inaishika. Haujapona. Ukiacha dawa, itapanda tena."

Njiani mama aliyarudia maneno hayo yote, kama mtu anayejifunza wimbo. Nikamtania kwamba sasa nyumbani tuna munganga wetu. Akacheka sana. Kicheko kile bado ninakisikia.

Lakini kanisani kwetu mtu aliyeinuka kitandani haachwi akae kimya. Bamama wa kwaya walipomwona amerudi kuimba, walimsukuma mbele atoe ushuhuda. Akasimama amejifunga kikwembe chake cha kwaya, akasema Mungu amemponya. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Vidonge hakuvitaja. Ushuhuda wenye vidonge ndani yake hauchezeshi mtu.

Kesho yake nikamletea dawa na maji. Akaangalia mlangoni kwanza.

"Mi nilisema nimepona mbele ya bantu bote," akaninong'oneza. "Sasa banione na dawa? Baseme nilimusingizia Mungu?"

"Mama, lakini munganga alisema..."

"Nilisikia vile alisema. Acha."

Nilikasirika. Nikamwambia Mungu hana ugomvi na kidonge. Akaendelea kumenya mihogo. Kila nilipomletea dawa ilikuwa vilevile, mpaka asubuhi moja akaanguka karibu na jiko, mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu.

Tukambeba hadi Baraka, na munganga akauita ugonjwa huo AVC. Akanieleza taratibu kwamba mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo imekosa damu. Nilielewa kila neno, na kuelewa hakukunisaidia kitu. Mama alinitazama, ulimi ukamkatalia, akafa bila kuniambia lolote.

Kwenye kilio bamama wa kwaya waliimba vizuri mno. Mmoja akasimulia jinsi mama alivyoponywa, watu wakaitika amina. Nilitaka kupiga kelele. Nikaenda nyuma ya jiko kulia peke yangu, na mama mmoja wa kwaya akanifuata, yule mwenye sauti nene, aliyetoa ushuhuda wake siku ileile na mama yangu.

"Mutoto yangu," akasema polepole, "mi pia niko na tension. Na mi niliacha dawa. Utanipeleka kwa munganga?"

Nikamwambia tutaondoka kesho asubuhi. Akanishika mkono, akafuta machozi yangu kwa ncha ya kikwembe chake cha kwaya. Halafu akaniomba tupite njia ya nyuma, ile isiyopita mbele ya kanisa.