Msamaha Usiofuta Kesi

Juzi, kwenye korido ya mahakama ya serikali kuu hapa Louisville, niliketi karibu na mama Mkongo aliyepakata mfuko wenye koti na viatu vya mwanawe. Kijana huyo anashtakiwa kwa kumpiga dereva Mrundi risasi ya mguu na kumpora gari.

"Bon, leo anarudi nyumbani," mama alimwambia wakili wa kijana, akichanganya na Kifaransa. "Jana tulienda mtaa wa Beechmont kwa yule baba aliyepigwa risasi, sisi na wazee wa kanisa. Tulipiga magoti, akatusamehe. Donc, kesi imeisha."

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, wakili alishika kichwa. "Mmeenda kwa shahidi? Msirudi tena. Kijana hatoki, na ninyi mnaweza kushtakiwa kwa kumrubuni."

Mfuko ulimponyoka mama, kiatu kimoja kikadondoka. Kwetu, familia isiyokwenda kupiga magoti ndiyo ingeonekana mbaya. Hapa kwenda kwenyewe ni kosa.

Yule Mrundi alikuwa akipita na mkongojo, akasimama. "Mwambieni jaji mimi nimeshasamehe."

"Anayeshtaki si wewe," wakili alimjibu kupitia mkalimani. "Ni Marekani."

Mrundi aliutazama mguu wake, kisha akauliza taratibu, "Kwani Marekani ilipigwa wapi?"