Bromini ya Mwalimu Nurudin

Katika mtaa mzima wa Pasiansi hakukuwa na mtu aliyeisifu bromini kama Mwalimu Nurudin, na katika miaka kumi na tisa ya kuifundisha hakuwahi kuiona hata tone.

Ubaoni alikuwa bingwa. Alichora alkeni, kaboni zilizoshikana kwa bondi maradufu, akaileta bromini ya rangi ya chungwa, akaonyesha bondi inavyofunguka na atomu za bromini zinavyojishikiza kwenye kaboni, moja huku, nyingine upande wa pili. Klorini huwahi, alisema, bromini hutii, ayodini hufanya uvivu. Darasa likaitikia kama kwaya: rangi ya chungwa inapotea! Ukimuuliza maabara iko wapi, alikujibu kwamba kemia iko kichwani. Kweli, kwake haikuwahi kutoka humo.

Shida ilikuwa mahafali ya kidato cha nne. Kabla ya pilau wazazi hutaka kuona majaribio, na mzazi aliyelipa ada haonyeshwi ubao. Basi Nurudin akabuni yake. Ayodini ya vidonda kutoka duka la dawa, ikizimuliwa kwa maji, ndiyo ilikuwa "bromini". Vidonge vya vitamini C vilivyosagwa na kukorogwa majini ndivyo vilikuwa "alkeni". Akivichanganya, rangi inatoweka, akina mama wanapiga vigelegele. Kabla ya kuchanganya aliinusa chupa kwa madaha, macho ameyafumba, kama mpishi juu ya sufuria ya mchuzi.

Mwaka huu alijipamba zaidi. Kiti cha makamu mkuu wa shule kilikuwa wazi, na Mama Sabina, mkuu wa shule, alisema ataamua siku hiyohiyo ya mahafali. Nurudin alikuwa ameshashonesha suti ya cheo.

Mgeni rasmi alikuwa Urvi, binti wa mjini hapahapa, mkemia wa kiwanda cha mafuta ya pamba. Alilitazama jaribio, akapiga makofi pamoja na wengine, kisha akafungua boksi alilokuja nalo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Nimewaletea zawadi. Maji ya bromini halisi, na mafuta yetu ya pamba. Yana bondi maradufu tele, kama alkeni. Tuonyeshe na haya."

Angesema tu kwamba hajawahi kuishika, yangeishia hapo. Lakini wazazi walikuwa wanatazama, na suti ilikuwa imembana vizuri. Akafungua chupa, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Bromini haina utani na pua. Nurudin alikohoa hadi miwani ikaruka, machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai. Wazazi wakadhani amezidiwa na furaha ya mahafali, wakamshangilia kwa nguvu.

"Pole sana, Mwalimu," Urvi alisema, akiichukua chupa taratibu. "Hii hainuswi. Anayeifanyia kazi hulijua hilo siku ya kwanza."

Mama Sabina alikuwa karibu, akasikia. Hakugomba. Alimwita Modesta, mwalimu wa jiografia, akamtangaza makamu mkuu palepale, na watu wakaelekea kwenye pilau.

Nurudin alibaki mezani, macho mekundu. Urvi akamimina mafuta kidogo kwenye bomba la kioo, akaongeza maji ya bromini, akaziba na kutikisa. Rangi ya chungwa ikafifia, ikaisha kabisa.

"Kumbe ni kweli," alisema Mwalimu Nurudin.