Kengele Moja, Mshale Kwenye Saba

Mimi ni fundi cherehani, na subira sina. Uzi ukigoma kuingia kwenye tundu la sindano, nausema kama mtu. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba kila Jumamosi nitafunga kibanda changu na kwenda kujifunza kutengeneza saa za zamani, wateja wangu walicheka mpaka wakashika ukuta. Sikuwajali. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imetundikwa sebuleni kwetu.

Ilikuwa saa ya ukutani ya marehemu baba, ya mbao nyeusi, yenye kengele na pendulamu inayobembea. Baba alikuwa seremala wa misheni, na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya ndiye aliyempa. Baba alipofariki, saa nayo ikasimama, na hakuna aliyeigusa. Sasa mama haoni tena, na kutwa nzima anauliza, "Saa ngapi?" Tulimpa simu inayotaja saa kwa sauti, akairudisha siku ileile, alisema hataki kuamrishwa na mtu asiyemjua. Jioni moja aliuliza, nikamjibu. "Nimechoka kuomba saa kama naomba chumvi kwa jirani," akasema. "Laiti ile ya baba yako ingelia." Basi, mimi nikaamua italia.

Mwalimu wetu alikuwa mstaafu kutoka Mlimba, ambaye miaka yake yote ya kazi alitunza saa za vituo vya reli. Alifundishia kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na kwa sababu ya vumbi la pumba alikuwa na sheria zake: dirisha limefungwa, mikono imeoshwa, na kila mwanafunzi na ungo wake uliotandikwa kitambaa cheupe. Kila kipande unachokifungua unakilaza kwenye ungo kwa mpangilio, cha kwanza kutoka kiwe cha mwisho kurudi. "Mmechambua mchele tangu utoto," alisema. "Jiwe mnaliona. Basi na skurubu mtaiona." Tulikuwa wachache. Niliyemzoea zaidi ni dereva wa bajaji aliyekaa jirani yangu, mtu wa utani, aliyekuja kwa mapenzi yake ya saa za mkononi za mitumba.

Tulianza na saa ndogo za mezani, mbovu kabisa, ambazo hata tukiziua hakuna wa kulia. Nilijifunza kuachia springi taratibu, maana ikikuponyoka inakuchana vidole; kuosha gia kwa petroli na mswaki; kutia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo tu. Na hapo nikajishangaa: subira niliyoikosa maisha yangu yote ilikuwepo! Nilikuwa nainama asubuhi, nikiinuka ni mchana, na njaa sijaisikia. Siku saa yangu ya kwanza ilipofufuka, niliipuliza kidogo tu, kigurudumu kikayumba, kikarudi, kisha kikaendelea chenyewe, tik, tik, tik. Nilipiga vigelegele hadi wapakiaji wa mashineni wakaja kuchungulia.

"Bi mkubwa kajifungua," dereva wa bajaji akawaambia.

Ndipo nikaileta saa ya baba, nimeipakata kwenye bajaji njia nzima. Furaha na hofu vilikuwa pamoja, kwa sababu mwalimu alishanionya: springi ikiwa imekatika, ya kufanana nayo haipatikani Ifakara wala popote anapopajua. Tukaifungua. Vumbi, mafuta yaliyogeuka gundi, na kiota cha nyigu kimejengwa juu ya nyundo ya kengele. Lakini springi ilikuwa nzima! Niliibusu, midomo ikanuka mafuta hadi nyumbani.

Kilichoniteka kabisa ni gurudumu moja lenye mapengo ukingoni. Pengo la kwanza na la pili yamekaribiana, linalofuata liko mbali kidogo, na kila linalofuata mbali zaidi. Kijiti cha chuma kinatambaa juu ya ukingo, na nyundo inagonga mpaka kijiti kiangukie kwenye pengo. Kumbe ndivyo saa inavyojua kugonga moja, kisha mbili, kisha tatu, hadi kumi na mbili. Kengele haiiangalii mishale hata kidogo. Inaendelea kuhesabu palepale ilipoishia. Jioni nilimchorea mama yale mapengo kwenye kiganja chake kwa kidole, akacheka na kuniambia nirudie.

Siku ya kuifunga upya, nikauweka mshale kwenye saba, saa moja asubuhi, nikalipanga na lile gurudumu lianzie kwenye moja, nikaisukuma pendulamu. Ngo! Kengele moja, nene, tamu. Nikageuka nipongezwe. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, mshale uko wapi?" akaniuliza.

"Kwenye saba."

"Na imegonga ngapi?"

"Moja. Si ni saa moja?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Aliyeitengeneza saa hiyo huko Ulaya, saba kwake ni saba, na kengele inatakiwa igonge saba. Sisi tangu utoto tunaiona saba na kusema moja, wala hatujiulizi. Nilibisha, kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini mwalimu akashikilia kwamba saa haitoki mezani kwake mishale ikisema hili na kengele lile. Akanionyesha kiwaya kidogo ambacho ukikiinua, saa inagonga na kuhesabu mbele mpaka ifike unapotaka. Nikaiweka sawa.

Asubuhi iliyofuata mama alikaa chini ya saa tangu alfajiri, kanga mpya mabegani, kama anayesubiri mgeni. Saa moja ilipofika, kengele ikaanza. Uso wake uling'aa kwa ile ya kwanza. Ikaja ya pili, ya tatu. Kufikia ya saba, uso ulikuwa umezima.

"Saa saba?" aliuliza. "Mbona majogoo bado wanawika?"

Nikamweleza mambo ya mishale na Wazungu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo siyo ya baba yako. Ya baba yako saa moja ilikuwa inagonga moja. Aliigeuza siku ileile aliyoileta. Alisema hakuna kitu kitakachomdanganya saa ndani ya nyumba yake."

Kumbe kule darasani masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yanakumbuka. Nikapanda juu ya kiti, nikakiinua kile kiwaya. Kengele zikalia mfululizo, nane, kisha tisa, kisha kumi, mpaka jirani akaja mlangoni.

"Hodi! Shikamoo mama. Kuna misa hapa?"

Mama na mimi tukacheka. Niliendelea mpaka ilipogonga moja peke yake, ikanyamaza.

"Hiyo," mama akasema. "Hiyo ndiyo."

Mwalimu nilipomsimulia alisema bado ni makosa, kisha akaomba aje kuisikiliza.

Leo asubuhi nilikuwa nimejikalia jikoni na kikombe cha chai, nimezama kwenye mawazo yangu, simu iko mbali. Mama akaniita kutoka sebuleni.

"Wewe! Saa mbili imelia. Hiyo cherehani itajishonea yenyewe?"