Nilifuta pomade ya ganzi kwa mujukuu wangu

Bakubwa ba hapa, jambo kwenu bote. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu, donc mutanivumilia. Mais yenye naandika ni kweli, na inanipatisha haya.

Mujukuu wangu wa kwanza alizaliwa hapa Butembo. Siku ya nane tukamupeleka kutahiri. Mama yake, Masika, muke wa kijana wangu, alikuwa angali na maumivu, akabakia inje, akakaa kwa banc. Miye koko, nyanya yake, nikaingia na mutoto.

Infirmier, muuguzi wa pale, akaeleza. Kuko pomade ya ganzi, dawa ya kupaka, inangojewa saa moja. Kuko sindano ndogo, inangojewa dakika chache. Maji ya sukari inamutuliza tu, peke yake haitoshe.

Nikamwambia ya nini hiyo yote? Babu yake alitahiriwa mu olusumba, kambi yetu ya zamani ya porini, na jicho hakupepesa. Kwetu mwanaume hapana kulia mbele ya kisu.

"Koko, ule alikuwa kijana, alijua anaenda wapi," akanijibu. "Huyu, nani alimuuliza?"

Akapaka pomade, akafunika, akatoka.

Bakubwa, nikaifuta na kitenge yangu.

Nikapaka mafuta ya mutoto yenye ilikuwa mu mufuko wangu, nikafunika tena vilevile. Nilitaka nimurudishie Masika mutoto mukavu wa macho, nimwambie ona damu yetu.

Saa ikapita. Infirmier akafinya ngozi kwanza, ajue kama imekufa ganzi.

Mutoto akakaza mwili yote. Kinywa wazi, sauti hakuna. Midomo ikaanza kuwa bleu.

Miye mwenye nilitaka anyamaze, nikaomba Mungu alie.

Akalia. Na miye nikasema: "Nilifuta dawa."

Infirmier hakunigombeza. Akaweka vyuma chini, akamusafisha, akamupiga ile sindano ndogo, akangoja, akajaribu tena. Wakati ya kukata kwenyewe, mutoto alikuwa ananyonya kidole yangu.

Inje nikamwambia Masika yote. Akamupokea mutoto, akaniuliza pole pole: "Mama, ule ujasiri ulikuwa wake ao wako?"



Mujukuu wa pili alizaliwa kule Beni. Siku ya kumutahiri, Masika aliingia naye mwenyewe. Miye nikakaa kwa banc.

Bakoko wenzangu, mutoto muchanga anaumia kama siye, anakosa tu maneno. Mukifika, ulizeni ganzi gani iko, na muache ikamate.

Kwenu mulifanyaje? Andikeni. Hata matusi, nitasoma.