Papa Anangoja Muntu

Kwenye biro yetu, kama tunavyoiita ofisi, mtu hujulikana kwa namna anavyojibu simu. Kazi yetu ni ya forodha. Magari makubwa yanayotoka Zambia hukwama mpakani na mizigo yake, na sisi tunayakwamua, nusu kwa karatasi na nusu kwa sauti. Mwenzangu anayekaa dirishani hupiga kelele kana kwamba dereva yuko ng'ambo ya mto. Mama mmoja wa hesabu hunong'ona hata anapogombana. Mimi ninabadilisha lugha. Shefu akiwa karibu, najibu kwa Kifaransa kilichonyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Akishapita tu, narudi kwenye Kiswahili cha mtaani kwetu Kampemba, nacheka, namuuliza dereva kama ameshakula. Nimefanya hivyo muda mrefu mpaka sijisikii tena ninapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Shefu wetu si mtu wa hapa. Alitumwa kutoka Kinshasa, na Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na aksanti. Si mtu mkali. Ana tabia ya kuuliza swali kisha akanyamaza akikutazama mpaka ujibu, na huo ukimya wake ndio tunaouogopa kuliko hasira za mashefu waliomtangulia. Wakati ninaousimulia, nafasi ya mkuu wa kitengo chetu ilikuwa wazi. Hakuna aliyeizungumzia, lakini kila mtu alikuwa anafika mapema, na mashati yalikuwa safi.

Papa alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya mazishi ya mama. Maisha yake yote aliitumikia reli, na miaka ya mwisho alikuwa Sakania, karibu na mpaka, akitengeneza njia. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ananiita "tata", kama vile angemwita mzazi wake. Nyumbani kwetu mchana hakuna watu. Mke wangu anauza vitenge sokoni, watoto wako shuleni, na papa alibaki na redio, na mbwa wa jirani asiyempenda.

Siku ya kwanza alikuja biro kwa sababu nilisahau chakula. Ulikuwa msimu wa baridi, ile baridi ya Lubumbashi inayokufanya uongee huku mikono iko makwapani. Aliingia amevaa koti lake la kanisani, ameshika bakuli la ugali lililofungwa kwa kitambaa.

"Ulisahabu bukari yako," alisema. "Kutumika na njaa haiko muzuri."

Dada wa mapokezi, binti wa familia iliyotoka Kasai zamani, alimvutia kiti karibu na dirisha, mahali jua linapoingia. Alimpa chai. Papa alikaa, akanyoosha miguu, akatazama barabara. Aliondoka wakati mimi nimeshasahau kwamba yupo.

Baada ya siku chache alikuja tena, mikono mitupu. Halafu akawa anakuja mara kwa mara. Kiti cha dirishani kikawa chake bila mtu yeyote kuamua hivyo. Madereva waliokuja kuchukua karatasi zao walimkuta pale, wakamsimulia foleni za mpakani, naye akawasimulia treni, na jinsi Sakania ilivyokuwa na baridi kiasi kwamba chuma kiling'ata vidole. Kila aliyeingia, papa alimvulia kofia. Dada wa mapokezi alimwekea kikombe chake, cha bluu, chenye mpasuko mdogo kwenye mdomo, na alimkataza mtu mwingine yeyote kukitumia.

Nilikuwa nafurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kusikia kicheko cha papa kikitoka upande wa mapokezi, baada ya ile miezi ya kumwona ameketi kimya kitandani na rozari ya mama mkononi, kulinipa raha. Lakini pia nilikuwa nawashwa. Kicheko kile kilikuwa kikubwa. Viatu vyake vilibeba vumbi jekundu la Kampemba mpaka kwenye vigae vilivyotoka kupigwa deki. Wakati mwingine aliita kutoka kule kwenye kiti, "Tata! Umekunywa chai?" na wenzangu wakaanza kuniita tata, kwa utani. Nilicheka nao. Nikachungulia mlango wa shefu, ambao kwa kawaida ulikuwa umefungwa.

Asubuhi moja walikuja wageni wa kampuni ya mgodi, watu tuliowatafuta muda mrefu watupe kazi ya mizigo yao. Shefu aliwapokea mwenyewe, akawatembeza kila meza. Walipofika mapokezi papa alikuwa amelala. Jua lilikuwa limempata vizuri. Mdomo wazi, kofia magotini, na kiatu kimoja amekivua, maana kidole chake cha mguu humsumbua wakati wa baridi. Soksi ilikuwa na tundu.

Shefu alisimama. Aligeuka kwangu, mimi niliyekuwa karibu, akauliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini:

"Yule mzee anamngoja nani?"

Kisha akanyamaza, akanitazama, kama kawaida yake. Dada wa mapokezi naye akanitazama. Wageni walikuwa wanatazama ramani ukutani. Nilifungua mdomo. Hadi leo sijui ningesema nini, kwa sababu sikusema kitu, na ukimya ule ulirefuka mpaka papa akaamka.

Sijui alikuwa amesikia tangu lini. Aliingiza mguu kwenye kiatu bila kuinama, akasimama, akashika kofia kifuani. Kifaransa chake ni cha reli, kizito lakini kimekamilika.

"Namngoja mtu, shefu," alisema. "Lakini naona leo hatakuja."

Akawapa wageni njia, akatoka. Alipita kando ya bega langu kama unavyopita kando ya mtu usiyemjua, kwa adabu, bila kumgusa. Dada wa mapokezi aliinamisha kichwa na kuanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jioni nilirudi nyumbani na hotuba ya kuomba msamaha kichwani. Nilimkuta anamfundisha binti yangu kumenya karanga kwa mkono mmoja. Tulipokaa kula aliniuliza:

"Bageni benu balienda muzuri?"

"Balienda muzuri, papa."

"Aksanti Mungu," alisema, akasogeza sahani ya sombe, majani ya muhogo, upande wangu.

Hotuba ikabaki kichwani. Kesho yake pia ikabaki. Nilikuwa nasubiri mahali pazuri pa kuianzia, na papa alikuwa mwepesi kuliko mimi. Kila nilipovuta pumzi, alinipa habari nyingine, ya paa, ya padri, ya mbwa wa jirani.

Bironi, kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Dada wa mapokezi aliniuliza, "Papa eko wapi? Eko mugonjwa?"

"Hapana. Eko ku nyumba."

"Umusalimie," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Kisha mke wangu akanishangaza. Tulikuwa tunafunga mizigo yake ya vitenge, akasema, "Lakini papa anatokaka kila asubuhi, na koti yake. Haiko anakuya kule kwenu?"

Nilijifanya nakaza kamba ya mzigo. Hakunibana. Nilibaki na swali ambalo sikutaka kulijibu: kama papa hakuwa nyumbani, wala kwetu, alikuwa anakwenda wapi katika baridi ile?

Nilipata jibu kwa bahati. Mtandao wa biro ulikatika, nikatumwa kwenye kampuni ya simu katikati ya mji kulalamika. Pale wana ukumbi mkubwa wenye vioo mpaka chini, viti vimepangwa kama kanisani. Unachukua tikiti mlangoni, unakaa, unangoja namba yako iitwe. Nilichukua yangu. Nikitafuta kiti, nikaona koti la kanisani.

Alikuwa amekaa mstari wa katikati, upande wa jua, wima kabisa, tikiti kati ya vidole viwili. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Kando yake alikaa mama mzee mwenye simu iliyoharibika. Nilisimama nyuma yao nisijue la kufanya. Namba iliitwa, ikaitwa tena, na nikaona kwamba ni ile iliyo mkononi mwake. Hakusogea. Wakaita nyingine.

Nilizunguka, nikakaa upande wake wa pili.

"Papa, uko nafanya nini hapa?"

Hakushtuka. "Niko nangoja," alisema.

"Namba yako baliita sasa hivi."

"Minasikia. Hii haiko tikiti ya kuitikia, tata. Njo tikiti ya kuikalia." Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyegundua jambo la manufaa. "Hapa kila muntu anangoja. Hakuna anauliza unangoja nani."

Kabla sijasema, yule mama mzee aliinama mbele kunitazama, akamuuliza papa, "Huyu naye ni nani?"

"Huyu?" Papa aliweka mkono begani pangu, akaongea kwa ile sauti yake ya mapokezi, watu wakageuka. "Huyu njo mutoto yangu, wa kwanza! Eko natumika mu biro, kule kwa badouane, batu ba forodha. Anasema Kifaransa, ungemusikia, mama, ungesema alizaliwa nacho!"

Mama alinisifu, nikamsalimia kwa mikono miwili. Sikuweza kuinua macho. Nilitazama mkono wa papa begani kwangu, kucha zake nene zilizopondwa na vyuma, nikatamani auondoe, kisha nikatamani asiuondoe.

Nilimwambia, "Rudia kule kwetu. Nitasema na shefu. Nitamuambia weye ni papa yangu."

"Aa, tata." Alikunja tikiti yake. "Muntu anapashwa kuchunga kazi yake. Minajua. Ile siku nililala mubaya, na soksi ile. Makosa haikuwa ya weye."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angenigombeza, ningekuwa na kitu cha kujibu.

Nilirudi biro nikaenda moja kwa moja kwa shefu, bila hata kueleza habari za mtandao. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema kwamba mzee aliyekuwa amelala siku ya wageni ni baba yangu mzazi. Alivua miwani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Nilidhani mtu amemsahau pale. Nilitaka wewe, unayejua Kiswahili, umuulize kama amehudumiwa." Na baadaye, polepole zaidi: "Mzazi wako amepita mbele yangu na sikumsalimia. Umenifanya nionekane mtu gani?"

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba swali lile lilikuwa swali tu.

Alisisitiza nimlete. Papa alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali kwa sababu, alisema, shefu akiita mara ya tatu si vizuri kukataa. Alikuja na tai. Shefu alimpokea akiwa amesimama, akampa mikono yote miwili, akajaribu Kiswahili chake chote, ambacho kiliisha upesi. Waliletewa soda. Papa alikaa kwenye ncha ya kiti cha ngozi, magoti pamoja, kofia juu yake, akijibu "ndiyo, shefu" na "asante, shefu". Hakunyoosha miguu. Hakucheka. Dada wa mapokezi alikuja na kikombe cha bluu, naye papa akamwambia soda imetosha, asisumbuke.

"Nisiwacheleweshe," alisema baada ya muda mfupi, akasimama.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Dereva mmoja alimwona akampungia, "Papa wa Sakania! Ulipoteaka wapi?" Papa alimpungia naye, lakini hakwenda. Ndipo nilipoelewa kwamba zamani pale alikuwa mwenyeji, na mimi nilikuwa nimemgeuza mgeni wa heshima.

Nafasi ile ya mkuu wa kitengo nilipewa. Wenzangu walinipongeza, hakuna anayeniita tata tena. Siku hizi, ninapoweza, narudi nyumbani mchana, ingawa kwenda na kurudi kunakula karibu mapumziko yote. Namkuta papa amepika bukari mwenyewe, ngumu kuliko ninavyopenda, na samaki wa tomsoni, yule wa barafu wa sokoni, aliyekaangwa mpaka mifupa inatafunika. Siku ambazo sipo, mke wangu ananiambia, bado anatoka na koti lake. Sijamuuliza anakwenda wapi. Nimepita mara kadhaa mbele ya vile vioo vya kampuni ya simu, na kila mara nimevuka upande wa pili wa barabara, kwa kuogopa kumwona na kwa kuogopa kutomwona.

Tunakula tukizungumza habari za paa. Wiki iliyopita nilitaka kubaki kidogo zaidi, nikavua viatu, nikamwomba anisimulie tena ile baridi ya Sakania. Alianza. Lakini katikati ya maneno alitazama saa ya ukutani, akainuka, akachukua viatu vyangu, akavifuta vumbi kwa kitambaa cha jikoni, akaviweka mbele ya miguu yangu.

"Enda, tata," alisema. "Kule banakungoja."