Kofia Ambayo Haijaoga

Kila picha iliyopita mbele ya macho ya Johari ilikuwa na uzi ndani yake. Mwaka wa kwanza, alipoajiriwa kwenye duka la kusafisha picha pale Landover, ng'ambo walikohamia, hakuliona hilo, maana mwaka huo alikuwa akiiogopa mashine. Lakini mashine ukishaizoea, mikono inafanya kazi yenyewe na macho yanabaki hayana shughuli, na macho ya Johari hayakujua kukaa bure. Watu walileta filamu zao za harusi, za watoto, za mbwa. Picha zikitoka moja moja, bado zina joto, yeye alikuwa akiona uzi. Kifungo cha koti la bwana harusi kimebakia na uzi mmoja. Tiara iko juu kabisa, na uzi wake umekwenda ukapotea kwenye mawingu. Mtoto kafungwa uzi kwenye jino na analia kabla hata halijavutwa. Wenyewe walikuwa wamepiga picha ya mtu. Uzi ulijipenyeza tu.

Basi naye akanunua kamera ndogo, ya kubonyeza tu, akaanza kupiga nyuzi. Alianza na nywele za Honorata, jirani yao Mkongomani hapo Lanham, zilizosukwa kwa uzi mweusi zikasimama kila moja na njia yake. Honorata alipoletewa picha aliigeuza mbele na nyuma.

"Mama Layla, uso yangu iko wapi? Nilijipaka poda bure?"

"Uso wako naujua. Nilitaka uzi."

"Haya. Siku ingine niite nitume nywele peke yake."

Majirani walimcheka, na yeye alicheka nao. Akafuata kamba za viatu zilizotupwa juu ya nyaya za umeme, akafuata wavu wa mpira wa kikapu uliobakia nusu. Binti yake Layla, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ambaye Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, alimwuliza kwa nini wao hawana albamu yenye watu kama familia nyingine. Johari akamwambia watu wapo, ila wako mwisho wa uzi.

Na mwisho wa uzi mmoja, ule aliokuwa akiujua kuliko wote, alikaa mumewe.

Wazir alikuwa na kazi kwenye kibanda cha maegesho ya magari kule Shaw. Gari ikija anatoa tiketi, gari ikitoka anapokea. Katikati ya gari na gari alikuwa akishona kofia. Zile kofia zetu za viua, kitambaa cheupe na uzi mweupe, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mpaka kofia nzima inakuwa kama imetobolewa na mvua. Alifundishwa na baba yake, mtaani Mkunazini, akiwa bado hajaota ndevu, na huko kwao mwanamume kushika sindano ya kofia si jambo la kumtazamisha mtu.

Shaw ilikuwa habari nyingine. Kalisti, kijana wa Bukoba aliyempokea Wazir zamu, kila akifika alikuwa na lake.

"Kaka Wazir, leo unashona gauni la nani?"

"La mama mkwe wako."

"Mpimie vizuri basi, yule ni mpana."

Walikuwa wakitaniana hivyo, na Wazir hakushindwa kujibu. Lakini Johari, siku akimpelekea chakula, aliona kitu. Gari ikisimama dirishani, Wazir alisukuma kofia chini ya gazeti kabla ya kunyoosha mkono. Zamani hakuwa akifanya hivyo. Na siku moja, Ramadhani ya mwaka tisini na tisa imeshafika kati, akasema wakati anavua viatu:

"Hii ya sikukuu nikiimaliza, nafunga sindano."

"Macho?"

"Macho mazima. Nimechoka kuwa kichekesho."

Johari alimtilia uji, akakaa, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Kofia ishirini na ngapi sijui alizomwona akizishona, katika nyumba tatu, katika nchi mbili, ziishe kwa sababu ya watu wanaopita na gari?

Wiki hiyohiyo maktaba ya jirani ikabandika tangazo. Kila majira ya baridi walitundika ukutani picha walizopiga wakazi, kila mwaka jambo moja, na mwaka huu jambo lenyewe lilikuwa uzi. Picha moja kwa mtu, na chini yake utaandika ni nini na ni kazi ya nani. Siku ya mwisho kuipeleka ni Jumamosi baada ya Idi. Johari alitoka pale anatembea kama aliyeitwa kwa jina. Picha za nyuzi anazo, mfuko wa sandarusi mzima. Lakini alijua kuwa hatapeleka nywele wala tiara. Atapeleka kofia, na jina la Wazir chini yake, mahali ambapo Layla anakwenda kusoma na Kalisti anakwenda kuazima video. Akishaonekana pale, hatafunga sindano.

Alipomwambia, Wazir alijikuna shingo.

"Ukutani?"

"Ukutani."

"Basi ioge kwanza."

Aliiosha mwenyewe. Kofia ya sikukuu ilikuwa imekwisha, ikaingia kwenye sabuni, ikatoka, ikatiwa nili, ikatiwa wanga, ikavishwa faroma, kile kibao cha duara alichokuja nacho kutoka kwao, ikawekwa karibu na bomba la kupashia nyumba joto mpaka ikakauka ngumu ukiigonga inalia. Ndivyo kofia inavyotolewa mbele za watu. Yeyote wa kwao angefanya hivyohivyo. Kofia ambayo haijaoga haitoki nje.

Johari akaiweka mezani juu ya kitambaa cheusi, akawasha taa zote, akapiga kwa flashi. Kesho yake kazini akasafisha filamu yake wakati wa mapumziko. Kofia ilitoka nyeupe, safi, haina hata kitundu kimoja.

"Kama keki," alisema Layla, na hilo akalisema kwa Kiswahili ili liume.

Johari akarudia. Akaipeleka uani, akaipeleka dirishani, akaiegemeza kwenye mto. Kwenye mashine akabonyeza vitufe vyote anavyovijua, picha ikawa ya kijivu, ikawa ya samawati, viua havikuja. Mashine haiwezi kuleta kitu ambacho filamu haikukiona. Akawaza hilo mpaka akalielewa. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unaonekana kwa kivuli chake tu, na wanga umevilaza viua vikawa sawa na kitambaa, na nili imeifanya kofia ing'ae, na flashi imekuja kutoka mbele ikafuta kivuli kilichobakia. Heshima yote waliyoipa kofia ndiyo iliyoificha.

Idi ikaja, kofia ikavaliwa, ikapigiwa salamu. Picha bado hakuna. Alhamisi Johari alikwenda Shaw kumpelekea mumewe biriani iliyobaki. Kwenye kamera palikuwa na nafasi moja tu ya picha, na yeye alitaka kuimaliza filamu ile aitoe. Jua la baridi lilikuwa limeinama, limeingia kibandani kwa ubavu. Wazir alikuwa hajamwona. Alikuwa ameshika kofia nyingine, ya zamani, aliyoianza na kuiacha, labda anaimalizia ili asiache deni la sindano. Ameshaupaka uzi nta, ameuvuta, umekwenda kutoka kwenye kitambaa mpaka kwenye vidole vyake vilivyoinuka, umenyooka. Johari akabonyeza. Wazir akageuka, akasukuma gazeti juu ya kofia.

"Ni mimi," akasema Johari. "Kula."

Asubuhi ya Ijumaa picha ile ilipotoka kwenye mashine, Johari aliishika kwa kingo mbili akasahau kuwa kuna mteja. Kila kiua kilikuwa na kivuli chake kando. Uzi ulikuwa unaonekana umesokotwa, hata nyuzi tatu zilizouunda ungeweza kuzitenganisha kwa jicho. Vidole vya Wazir, kucha zake, na ngozi ya kidole gumba iliyokakamaa kwa sindano. Akaitoa kubwa.

Usiku ule akaiweka mbele ya mumewe, pembeni ya sahani. Wazir akaitazama kidogo tu.

"Hii hapana."

"Kwa nini?"

"Haijaoga. Tazama, alama ya dole gumba ile pale, nyeusi. Wino wa tiketi. Na mistari ya penseli niliyochorea viua iko wazi. Mtu ataniona mchafu."

"Atakuona unashona."

"Mama Layla, hata bibi harusi huoshwa kwanza ndipo anapotolewa ukumbini."

"Bibi harusi tuliyemwosha ametoka hana uso. Hukumwona?"

Layla alicheka puani, akajidai kuwa amekabwa na wali. Wazir hakucheka. Aliisukuma picha kwa kidole, taratibu, ikaenda mpaka kwenye jagi la maji.

"Bila ridhaa yangu usiipeleke," akasema.

"Sitaipeleka."

Na asingeipeleka. Kazi ni yake, jina ni lake. Johari akaondoa sahani. Lakini kabla hajakwenda jikoni akatoa mfukoni lenzi ndogo ya dukani, ile ya kukuza, ya kukagulia negativu za filamu, akaiweka juu ya picha bila kusema kitu. Kisha akafungua bomba, akaosha vyombo pole pole kuliko siku nyingine.

Aliporudi Wazir alikuwa ameinama, jicho moja limefungwa, lenzi imegandamana na picha. Alikuwa akiipitia kofia kiua kwa kiua, kama anayetafuta kosa, na kosa alilitafuta kweli, maana alisema "huu nimeukaza mno," akaendelea. Halafu akasimamisha lenzi mahali pamoja. Layla naye akaacha kula.

"Mzee wangu alikuwa akiuzungusha uzi mara mbili kabla hajaukaza," akasema Wazir. "Ndugu zangu wote walichukua ule mtindo, mimi nikajidai nimeuacha. Nilisema mimi nina wangu." Akaigusa picha kwa ncha ya sindano aliyoichomoa kwenye ukosi wa shati. "Mara mbili. Tazama. Kote. Huu ni mkono wa mzee, na mimi siku zote nashona siuoni."

Layla akaomba lenzi. Akatazama kwa muda mrefu kuliko mama yake alivyotegemea. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Baba, hii yote unafanya kwa mkono? Kwenye kibanda?"

"Wapi tena?"

Kisha Wazir akamgeukia mkewe.

"Chini utaandika nani?"

"Wazir."

"Akina Wazir wako wengi. Andika Wazir bin Sheha, wa Mkunazini. Wajue kijana wa nani."

Jumamosi asubuhi Johari aliipeleka. Wiki iliyofuata ikatundikwa, kati ya picha ya cherehani na picha ya utando wa buibui, na siku ya kufungua watu wakawa wanapita wanatazama, lakini mbele ya ile ya Johari walikuwa wakisogea mpaka pua inakaribia kioo. Mwanamke wa maktaba akauliza vile vitundu vinatobolewa kwa mashine gani. Kabla Johari hajatafuta maneno, Layla alishajibu, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba hakuna mashine, kwamba yule aliyesimama pale mwenye koti la kahawia ni baba yake, kwamba anaweza kumwita. Johari alilisikia neno "baba yangu" likitoka kinywani mwa binti yake kwa sauti ambayo hata mlangoni ilifika.

Kalisti alikuja na mkewe. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma.

"Kaka, hizi tundu zote ni wewe?"

"Ulifikiri zinaota?"

"Mimi nilijua unashona. Sikujua unashona hivi." Akapapasa kichwa chake. "Sasa mtu kama mimi, wa kanisani, naruhusiwa?"

"Kofia haiulizi dini. Inauliza ukubwa wa kichwa, na chako kinataka hema."

Mke wa Kalisti akaegemea ukuta kwa kicheko. Wazir akatoa uzi mfukoni, akauzungusha kichwani mwa Kalisti palepale katikati ya maktaba, juu kidogo ya masikio, akafunga fundo mahali ncha zilipokutana. Watu wawili wazima wasiomjua wakasogea kuangalia anafanya nini, na Layla akaanza kuwaeleza.

Saa ikaenda. Johari alikuwa na maharagwe jikoni ya kuchemsha na miguu inamuuma. Akamvuta mumewe mkono wa koti.

"Baba Layla, twende zetu."

"Tangulieni," akasema Wazir, na tayari alikuwa amemgeukia mzee mmoja aliyekuwa akiinyooshea picha kidole. "Mimi bado nina wageni."